Usidharau Miaka ya Mtu wa Mkono

SOMO LA JUMA HILI

Maandiko ya kusoma nyumbani: 2 Wafalme 3:9-12, Matendo ya Mitume 12:1-11, 2 Timotheo 2:1-2

Wazo kuu: Miaka unayomsaidia mwingine kufanya kazi si miaka iliyopotea. Ndiyo miaka ambayo kazi inaingia mikononi mwako.



Leo nataka tujifunze kutoka mahali ambapo wengi wetu hatujawahi kukanyaga, uwanja wa gofu. Naona wengine mmeshaanza kucheka. Gofu na sisi wapi na wapi? Wengi wetu tunaujua uwanja wa gofu kutoka upande huu wa seng'enge, tukiwa ndani ya matatu kwenye jam, tukitazama nyasi za kijani na watu wachache wanaotembea polepole kama watu wasio na deni. Mimi mwenyewe sijawahi kushika fimbo ya gofu. Lakini nimefuatilia habari za mama mmoja, kocha wa timu ya wanawake ya chuo kikuu kule Marekani, na nikaona habari zake ni zetu.

Anaitwa Missy Farr-Kaye. Chuo chake ni Arizona State University, kilichoko mji wa Tempe, ubavuni mwa Phoenix, katika nchi ya jangwa ambako wakati wa joto kipimo kinapita nyuzi 40.

Kabla ya kwenda mbali, hebu niulize. Nani hapa amewahi kufanya kazi ya mjengo? Inua mkono. Basi unajua kwamba kwa mjengo kuna fundi na kuna mtu wa mkono. Fundi anapanga mawe. Mtu wa mkono anachanganya simiti, anabeba maji, anapandisha ndoo. Nyumba ikiisha, watu wanauliza, "Fundi ni nani?" Hakuna anayeuliza mtu wa mkono alikuwa nani. Somo la leo ni la mtu wa mkono.

1. KILA KAZI INA MTU ALIYEIANZA

Huwezi kumwelewa Missy kabla hujamjua mama aliyemfundisha.

Mwaka wa 1972 Marekani ilipitisha sheria inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika shule na vyuo vinavyopokea pesa za serikali kuu. Sheria hiyo haikutaja gofu, lakini ilifungua mlango wa michezo kwa wasichana. Hata hivyo, mlango kufunguliwa ni jambo moja, na nyumba kujengwa ni jambo lingine. Shirika kubwa linalosimamia michezo ya vyuo, NCAA, lilianza kuandaa mashindano ya gofu ya wanawake mwaka wa 1982 tu.

Sasa sikia. Mama mmoja aitwaye Linda Vollstedt alichukua timu ya wanawake ya Arizona State mwaka wa 1980. Ni miaka miwili kabla hayo mashindano hayajakuwapo! Mashindano yalipoanza, wengine ndio walioshinda. Tulsa walichukua, Florida wakachukua mara mbili, San Jose State nao mara mbili. Kila mwaka Vollstedt anapeleka wasichana wake, na kila mwaka wanarudi Tempe bila taji. Lilikuja mwaka wa 1990. Tangu achukue timu, ilikuwa imepita miaka 10.

Wapendwa, miaka 10! Sisi tunafungua kikundi cha akina mama mwezi wa Januari, ikifika Aprili hakijajaa, tunasema hapa hakuna upako. Tunaanzisha kwaya ya vijana, mwaka ukiisha hawajarekodi albamu, tunawavunja.

Baada ya hilo la kwanza, mvua ilinyesha. Timu ya Vollstedt ilishinda tena 1993, 1994 na 1995, mitatu mfululizo, kisha 1997 na 1998. Mataji sita. Mmoja wa wasichana wake, Emilee Klein, alikuwa bingwa wa mtu mmoja mmoja mwaka wa 1994, na miaka miwili baadaye akashinda shindano kubwa la wanawake la Uingereza. Vollstedt alistaafu mwaka wa 2001. Lakini hayo mataji sita yalisimama juu ya miaka 10 isiyo na taji hata moja.

2. DADA WAWILI

Pale Phoenix kulikuwa na familia moja yenye wasichana wawili, Heather na Missy Farr. Heather ndiye mkubwa, na Heather alikuwa moto. Mwaka wa 1982, akiwa na miaka 17, alishinda ubingwa wa taifa wa wasichana wa Marekani. Akachezea Arizona State chini ya Vollstedt, na alipofika miaka 20 aliingia gofu ya kulipwa, miongoni mwa wanawake bora duniani. Ukiwa mdogo wake mtu kama huyo, unajua kazi yako ni nini. Kila mahali unapoenda unaitwa "mdogo wake Heather."

Missy akafuata njia ileile, chuo kilekile, kocha yuleyule.

Halafu katikati ya mwaka wa 1989 Heather akapatikana na saratani ya matiti. Alikuwa na miaka 24. Matibabu yalikuwa mazito na marefu. Na mwaka uliofuata, dada mkubwa akiwa bado katika vita hivyo, timu ya Arizona State ilishinda lile taji la kwanza la 1990, na Missy alikuwa mmoja wa wachezaji wake. Fikiria moyo wa yule binti. Mkono mmoja umeshika kombe, mkono mwingine umeshika hofu.

Heather alipigana miaka minne. Alifariki Novemba 1993. Alikuwa na miaka 28. Chama cha wanawake wa gofu ya kulipwa, LPGA, mpaka leo kina tuzo inayobeba jina lake.

Na haikuishia hapo. Baadaye Missy mwenyewe alipatikana na saratani hiyohiyo ya matiti, na si mara moja. Yeye aliishi.

Hapa nataka tuende polepole, kwa sababu ni mahali ambapo sisi watu wa kanisa huwa tunaumizana. Dada wawili, nyumba moja, ugonjwa mmoja. Mmoja alikufa, mmoja akaishi. Ukinipa kipaza sauti na nisipokuwa mwangalifu, nitataka kukueleza sababu. Nitasema huyu alikuwa na hiki na yule alikosa kile. Kumbe sijui.

Soma Matendo ya Mitume mlango wa 12 ukiwa umetulia. Yakobo anakamatwa na Herode, anauawa kwa upanga. Mistari michache tu baadaye Petro naye anakamatwa na Herode yuleyule, na malaika anamtoa gerezani usiku. Kanisa ni lilelile. Na mwandishi Luka hajaribu kutueleza kwa nini mmoja akaenda na mwingine akabaki. Hasemi kwamba imani ya Yakobo ilikuwa haba. Anatueleza yaliyotukia, na ananyamaza.

Kwa hiyo, ukienda matanga ya mtu aliyeombewa na hakupona, tafadhali, usiwaachie wenye msiba hesabu ya imani. Peleka unga, peleka sukari, keti nao. Na wewe uliyepona, usiishi kama mtu aliyeshinda mtihani ambao mwenzako alianguka. Ishi kama mtu aliyeachiwa kazi.

Mwambie jirani yako: Nimeachiwa kazi.

3. MIAKA YA KUMWAGA MAJI

Sasa Missy alifanya nini na maisha aliyoachiwa? Alirudi chuoni kwao, lakini hakurudi kama kocha mkuu. Mwaka wa 2002 timu ilikuwa imekabidhiwa mama mwingine, Melissa Luellen, aliyekuwa bingwa wa vyuo mwaka wa 1988 akichezea Tulsa. Missy akawa msaidizi wake. Mtu wa mkono. Na alikaa katika nafasi hiyo zaidi ya miaka 10.

Kazi ya kocha msaidizi ni ipi? Ni zile kazi ambazo hazipigwi picha. Kupanga safari na kuhesabu mifuko. Kufika uwanjani mapema na kuondoka wa mwisho. Kuwafuatilia wasichana wa sekondari, ukijua wengi watachagua chuo kingine. Kuangalia kama mwanafunzi anapita masomo, kwa sababu hawa ni wanafunzi kwanza. Asiyepita darasani hachezi. Kutembea na yule mchezaji ambaye siku hiyo mambo yamemkataa, wakati kamera zote ziko kwa yule anayeshinda.

Mwaka wa 2009 Arizona State ilichukua taji tena. Kocha mkuu alikuwa Luellen, na jina lililoandikwa kwenye vitabu ni lake, kama inavyostahili. Lakini mtu wa mkono alikuwapo.

Katika 2 Wafalme mlango wa 3, wafalme watatu wako jangwani na jeshi zima, na maji yamewaishia. Wanauliza kama kuna nabii wa karibu. Mtumishi mmoja anamtaja Elisha. Na anamtambulishaje? Elisha alikuwa ameshafanya mambo makubwa kufikia siku hiyo. Alikuwa amepasua Yordani. Lakini mtumishi yule hakutaja Yordani. Alimtambulisha kama yule kijana aliyekuwa akimmwagia Eliya maji mikononi. Hiyo ndiyo ilikuwa CV yake. Na mfalme Yehoshafati akaridhika nayo. Alielewa kwamba mtu aliyekaa karibu hivyo na nabii hadi akajua maji yake yawe kiasi gani, huyo amejifunza kitu.

Wapendwa, tuko wengi tunaotaka kupasua Yordani, na wachache wanaotaka kushika birika.

4. SIKU YA KUKABIDHIWA

Mwaka wa 2015 Luellen aliondoka kwenda chuo kingine, na Missy Farr-Kaye akafanywa kocha mkuu. Nyumba ambayo Vollstedt aliijenga ikarudi mikononi mwa binti aliyekuwa katika taji la kwanza.

Nieleze kidogo jinsi mchezo huu wa vyuo unavyoendeshwa, maana kuna hekima ndani yake. Gofu tunaijua kama mchezo wa mtu mmoja na mpira wake. Lakini chuoni timu ina wachezaji watano. Kila mmoja anacheza mashimo 18, na mikwaju yake inahesabiwa. Mwenye michache ndiye mzuri. Jioni wanachukua hesabu nne bora, ile ya tano wanaiacha.

Umeona hapo? Asubuhi, mnapoanza, hakuna anayejua hesabu ya nani itaachwa. Yule aliyeharibu shimo la kwanza hawezi kukunja mikono na kusema, "Wenzangu wataniokoa," kwa sababu huenda mwenzake ataharibu zaidi kwenye shimo la 17. Kwa hiyo wote watano wanacheza mpaka shimo la mwisho kana kwamba mkwaju wao ndio utakaoamua. Laiti kanisa lingecheza hivyo! Laiti kila mmoja angeombea, angetoa, angefagia, kana kwamba hesabu yake ndiyo ya nne.

Katika fainali za taifa, tangu 2015, timu nane bora hutolewa kwenye hizo hesabu, kisha wanakutana timu kwa timu, mmoja dhidi ya mmoja, mechi tano. Anayeshinda mechi tatu anasonga mbele.

Mei 2017 fainali zilikuwa Rich Harvest Farms, jimbo la Illinois. Farr-Kaye alikuwa na wasichana watano: Linnea Ström kutoka Uswidi, Olivia Mehaffey kutoka Ireland ya Kaskazini, Roberta Liti kutoka Italia, Sophia Zeeb kutoka Ujerumani, na Monica Vaughn, Mmarekani wa jimbo la Oregon aliyekuwa mwaka wake wa mwisho chuoni. Vaughn alishinda ubingwa wa mtu mmoja mmoja. Angeweza kuridhika hapo. Lakini bado kulikuwa na kazi ya timu, na wakaimaliza: waliwashinda Northwestern, chuo cha karibu na Chicago, waliokuwa kama wanacheza nyumbani.

Lilikuwa taji la nane la NCAA kwa Arizona State katika gofu ya wanawake. Kwa Farr-Kaye lilikuwa la tatu. La 1990 alilipata kama mchezaji. La 2009 kama msaidizi. La 2017 kama kocha mkuu. Kutoka la kwanza hadi la tatu ni miaka 27.

5. KOCHA HAPIGI MPIRA

Kuna jambo moja la mwisho katika kazi hii. Katika gofu ya vyuo kocha anaruhusiwa kutembea na mchezaji wake uwanjani. Anaweza kumwambia upepo unatoka wapi. Anaweza kumshauri achukue fimbo ipi. Anaweza kumtuliza. Lakini ikifika wakati wa kupiga, anasogea kando. Hata kama yeye mwenyewe alikuwa bingwa, hata kama anaona kwa macho yake kwamba binti ameshika fimbo vibaya, haruhusiwi kumpigia.

Wazazi, mnanisikia? Umemlea kijana, umemwambia upepo unatoka wapi. Sasa ana miaka 22, yuko mbele ya mpira wake. Sogea kando. Unaweza kuendelea kumwombea, unaweza kutembea naye, lakini mkwaju ni wake. Wachungaji nasi tusikie. Tumefundisha vijana kuhubiri, halafu hatuwapi madhabahu. Tumefundisha mweka hazina msaidizi, lakini funguo ziko mfukoni mwetu mpaka tuzikwe nazo.

Paulo anamwandikia Timotheo kwamba yale aliyoyasikia awakabidhi watu waaminifu, nao wawafundishe wengine. Hesabu hiyo mikono: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na wengine. Mikono minne katika mstari mmoja. Vollstedt alimfundisha Missy, Missy akamfundisha Vaughn. Kama Vollstedt angesema, "Hawa wananinyima taji, naondoka," ule mnyororo ungekatika mwaka wa 1985 na hakuna ambaye angejua kilichopotea.

Lakini sitaki kukudanganya. Sisemi kwamba kila mtu wa mkono ataamka siku moja awe fundi. Wengine watasaidia mpaka wastaafu. Kuna mama hapa amefundisha watoto shule ya Jumapili tangu kanisa likiwa la mabati, na hajawahi kuitwa mbele kupewa hata leso. Nimwambie nini? Nimwambie kwamba taji la 2009 lilikuwa taji la kweli kwa msaidizi siku ileile liliposhindwa. Halikungoja 2015 ili liwe na maana. Kama Missy asingekabidhiwa timu kamwe, wale wasichana wa 2009 bado wangekuwa wamesaidiwa. Kazi yako kwa wale watoto ilikuwa kamili siku uliyoifanya. Wengine wao leo wanasoma gazeti hili, na wanajua mikono iliyowashika.

MAMBO YA KUFANYA JUMA HILI

Kwanza, mtafute mtu aliyekuwa fundi wako: mwalimu, mama wa kanisa, bosi wa zamani. Mpigie simu. Usitume ujumbe tu, piga umwambie asante akiwa anasikia.

Pili, kama wewe ni msaidizi mahali fulani, chagua kazi moja ndogo unayoifanya kwa kulalamika, na juma hili uifanye vizuri kuliko jana.

Tatu, kama wewe ndiye mkuu, mkabidhi msaidizi wako kitu kimoja halisi, kisha usogee kando. Asipoweza, mfundishe tena. Usimnyang'anye.

Nne, kama kuna jirani anayeuguza au aliyefiwa, mtembelee bila maelezo.

MASWALI YA VIKUNDI VYA NYUMBANI

1. Vollstedt alikaa miaka 10 kabla ya taji la kwanza. Ni kazi gani katika kanisa letu tuliyoivunja mapema? Je, inaweza kufufuliwa?

2. Kwa nini, unafikiri, mtumishi wa mfalme alimtambulisha Elisha kwa kumwaga maji badala ya miujiza?

3. Someni tena habari za Yakobo na Petro. Ni maneno gani tunayowaambia wagonjwa na wafiwa ambayo yanaumiza badala ya kufariji?

4. Katika gofu ya chuo hesabu ya tano huachwa, lakini hakuna anayejua mapema itakuwa ya nani. Hii inatufundisha nini kuhusu kufanya sehemu yetu mpaka mwisho?

5. Wazazi na viongozi: ni mkwaju gani mnaojaribu kumpigia mtu mwingine?

Nendeni salama. Na wewe uliyechanganya simiti juma zima bila mtu kukuuliza jina, hiyo nyumba ina mkono wako ndani yake.